AJALI INA KINGA: SOMO KUTOKA KWA JIRANI ZETU

Mazungumzo baada ya habari: Nchi Jirani



Upo usemi uliozoeleka mno vinywani mwetu kwamba ajali haina kinga. Ni usemi wa kuwafariji wafiwa, na katika matanga una mahali pake. Lakini usemi huo unapotoka matangani ukaingia katika daftari la kituo cha polisi, hapo hugeuka kuwa hatari. Basi likipinduka kwenye mteremko, nasi tukasema ajali haina kinga, tumekwisha kulifunga jalada kabla ya kulifungua. Na kesho, katika mteremko ule ule, basi jingine litapinduka.

Katika mazungumzo ya leo nakusudia kuwaelezeni jinsi baadhi ya jirani zetu, hususan Waganda, walivyokataa kuishi kwa usemi huo. Waliamua kuihesabu ajali, kuipima na kuichunguza kama vile daktari anavyoichunguza homa, kisha wakawafundisha watu ambao ndio wa kwanza kufika mahali pa ajali. Na watu hao wa kwanza, ndugu askari, mara nyingi ni nyinyi.

Huenda mtu akauliza: mambo ya Uganda yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Malori yanayopakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam huvuka Mutukula kuingia Uganda; huvuka Rusumo kuingia Rwanda, ambako dereva hulazimika kuacha mkono wa kushoto na kushika wa kulia; huvuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Mabasi ya abiria hupita Namanga kila siku kwenda Nairobi. Barabara zetu ni moja, madereva wetu ni wale wale, na majeruhi aliyelala hospitalini Masaka huenda akawa kijana wa Bukoba. Kwa hiyo alichokwisha kukijifunza jirani hatuna haja ya kukijifunza upya kwa damu yetu wenyewe.

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zilizoongoza kwa kuua. Huo ndio umri wa mwanafunzi, umri wa kuruta, umri wa dereva wa bodaboda, na umri wa mama anayelea mtoto wake wa kwanza.

Sasa sikilizeni hesabu ya karibu zaidi. Kwa mwaka 2016, kumbukumbu rasmi za Uganda zilionyesha vifo 3,503 vya barabarani; Shirika la Afya Duniani likakadiria kwamba vilikuwa kiasi cha 12,000. Kenya ilitoa taarifa ya vifo 2,965. Makadirio yakazidi 13,000. Nasi Tanzania tulitoa taarifa ya vifo 3,256. Makadirio yakazidi 16,000.

Makadirio ni makadirio, na wataalamu wanaweza kubishana juu yake. Wala tofauti hiyo haina maana kwamba askari alidanganya. Askari aliandika alichokiona. Lakini mtu akigongwa leo, akapelekwa hospitali, akafariki siku ya tisa, kule kituoni huenda akabaki ameandikwa kuwa ni majeruhi, na kule hospitalini ataandikwa kuwa amekufa kwa jeraha la kichwa. Daftari moja halizungumzi na jingine. Naye mwendesha pikipiki aliyeanguka peke yake kijijini usiku, akazikwa kesho yake alasiri, haonekani katika daftari lolote. Katika hesabu za kimataifa, aliyefariki katika muda wa siku 30 baada ya ajali huhesabiwa kuwa ameuawa na ajali ile. Kumbe basi askari anayekwenda hospitalini baada ya wiki moja kuuliza hali ya majeruhi wake hafanyi kazi ya ziada. Anakamilisha kazi aliyoianza barabarani.

Hapo ndipo Waganda walipoanzia. Mwaka 1996 kilianzishwa mjini Kampala Kituo cha Kudhibiti Majeraha, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa daktari wa upasuaji Olive Kobusingye. Daktari huyu na wenzake walikuwa wakiwapokea majeruhi katika Hospitali ya Mulago usiku na mchana. Wangeweza kuendelea kushona na kufunga bendeji mpaka wastaafu. Lakini walijiuliza: watu hawa wanatoka wapi, wanaumizwa na nini, na kwa nini ni hao hao kila siku?

Wakaanzisha daftari la majeruhi. Kila aliyeletwa aliandikiwa fomu fupi: umri wake, kilichomuumiza, mahali alipoumia, alikuwa akifanya nini, na hali yake alipofika. Aidha walibuni kipimo cha kukadiria ukubwa wa majeraha kinachojulikana kwa jina la mji wao, yaani kipimo cha Kampala. Kipimo hicho hutazama mambo matano tu: umri wa mtu, msukumo wa damu yake, anavyopumua, kama ana fahamu, na idadi ya majeraha yake makubwa. Hakihitaji mashine za gharama kubwa. Kilibuniwa kwa ajili ya hospitali kama zetu, ambako majeruhi ni wengi na vifaa ni vichache, ili muuguzi aweze kujua nani aingizwe chumba cha upasuaji sasa hivi na nani anaweza kungoja.

Hawakukomea hospitalini. Walitoka wakaenda nyumba kwa nyumba, mjini Kawempe na vijijini Mukono, kuuliza habari za walioumia na waliokufa. Wakakuta jambo ambalo mtu aliyekaa ofisini asingelikisia. Kawempe, miongoni mwa waliokufa kwa majeraha, walioongoza kwa wingi ni waliouawa barabarani. Kule Mukono walioongoza ni waliokufa maji. Nchi ni moja, watu ni wale wale, lakini kinachowaua ni tofauti. Laiti serikali ingelipeleka dawa moja kwa sehemu zote mbili, moja ingepona na nyingine ingeendelea kuugua. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya utafiti: hutuzuia kutibu ugonjwa tusioujua.

Faida ya pili ni kutuonyesha kama dawa tuliyoitoa inafanya kazi. Katika barabara kuu iendayo Jinja, mahali paitwapo Nakawa, kulijengwa daraja la waenda kwa miguu mwaka 1998. Pale pana soko na msongamano wa watu. Wengi wetu tungesema kwamba daraja limejengwa, sherehe imefanyika, na shida imekwisha. Watafiti wa Kampala hawakusema hivyo. Walikwenda wakasimama pale, wakawahesabu wavukaji zaidi ya 13,000. Wakagundua kwamba waliopanda daraja walikuwa karibu theluthi moja tu. Wengine wote walikatiza katikati ya magari kama zamani.

Waliendelea kupembua. Wanawake waliopanda daraja walikuwa karibu nusu. Wanaume walikuwa theluthi moja. Watoto walipanda kiasi cha wanane kwa kila kumi, na watu wazima waliopanda walizidi robo kwa kidogo tu. Yaani mtoto anatii, na baba yake anakatiza. Walipowauliza wapita njia, wengi walikiri kwamba wanayaogopa magari, lakini wachache mno waliliona daraja kuwa ndiyo njia ya kujiokoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliokufa walipungua baada ya daraja kujengwa, ila walioumia hawakupungua.

Nawaombeni mlitafakari jambo hilo, hasa nyinyi askari wa usalama barabarani. Kama si watu wale waliosimama wakihesabu, daraja la Nakawa lingehesabiwa kuwa ni ushindi kamili. Hesabu ilionyesha kwamba lilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni uzio wa kuwaelekeza watu darajani, ni kupunguza mwendo wa magari, na ni askari wa kusimama pale mpaka mazoea yajengeke.

Juu ya mwendo nitasema neno moja la kisayansi, kwa sababu madereva wengi hulikosea. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likilinganishwa na lile lile likienda kilomita 40, mwendo wake ni mara 2, lakini nguvu yake ya kugonga ni mara 4. Nguvu hiyo ikimfikia mwili mtupu wa mwenda kwa miguu, hakuna daktari wa Mulago wala wa Muhimbili atakayeweza kuirudisha nyuma. Kwa hiyo askari anayepunguza mwendo wa magari penye shule au soko anafanya kazi ya udaktari kabla mgonjwa hajapatikana.

Ndugu askari, sasa niyafikie mafunzo. Uchunguzi uliofanywa mjini Kampala ulionyesha kwamba majeruhi wachache sana walifikishwa hospitalini kwa gari la wagonjwa. Waliobaki walichukuliwa na wapita njia, na teksi, na magari ya polisi. Kwa maneno mengine, huduma ya kwanza ya mji ule ilikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha. Walikuwa na moyo, lakini hawakuwa na ujuzi. Na moyo bila ujuzi unaweza kumvuta kwa mikono mtu aliyevunjika shingo ukammaliza.

Basi mwaka 2008 watu 307 walikusanywa kwa makundi wakafunzwa. Walikuwa askari polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa. Mafunzo yenyewe yalichukua siku moja. Siku moja tu! Walifundishwa mambo ya kutenda, si nadharia ndefu, na wakapewa vifaa vichache vya huduma ya kwanza. Kabla ya mafunzo walijibu sawasawa chini ya nusu ya maswali waliyoulizwa. Baada ya mafunzo walijibu zaidi ya asilimia 80. Lakini jambo la maana zaidi lilionekana miezi 6 baadaye. Walipofuatwa na kuulizwa, karibu wote walikuwa wamekwisha kuutumia ujuzi ule walau mara moja, na hasa katika kuzuia damu, kumlaza majeruhi kiubavu, na kumbeba kwa namna iliyo salama.

Hebu tuyataje mambo hayo kwa ufupi, maana kila askari anaweza kuyashika. Kwanza, jilinde mwenyewe na ulinde mahali pa ajali; weka mtu au alama mbali ya kutosha pande zote mbili, ili gari jingine lisije likawagonga waokoaji. Pili, hakikisha majeruhi anapumua na kinywa chake hakina kitu cha kumziba. Tatu, damu inapochuruzika, vaa glovu, au kama huna, tumia hata mfuko wa plastiki mkononi. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu wala usiachie kila mara kuchungulia. Kitu kilichomchoma kikabaki mwilini usikichomoe. Nne, aliyezimia lakini anapumua alazwe kiubavu ili asipaliwe na damu au matapishi. Tano, anayedhaniwa kuumia shingo au mgongo asinyanyuliwe na mtu mmoja kama gunia. Wamshike watu kadhaa kwa pamoja, mmoja akiwa ameshika kichwa kikae sawa na mwili, nao wamnyanyue kwa amri moja. Askari amezoea kutenda kwa amri moja. Katika jambo hili mazoea ya gwaride ni mtaji.

Na baada ya hayo ndipo iandikwe ile fomu ya polisi namba 3. Fomu ni haki ya majeruhi na ni msingi wa kesi, lakini anayetokwa damu atibiwe kwanza, na karatasi imfuate.

Huenda akatokea mpiganaji mmoja kambini akasema: mambo haya ya utafiti ni ya wasomi, sisi kazi yetu ni ulinzi. Nami nitamjibu kwa habari ambayo, ingawa yatoka mbali na jirani zetu, ilianzia jeshini. Mwezi Mei 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, aliyepata sifa katika vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki alipojaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Akafariki baada ya siku 6 kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwamo Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa, lakini hakulisahau jambo lile.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Cairns aliona jinsi jeshi lilivyokuwa likiwapoteza vijana wake wa pikipiki, wale tarishi waliopeleka barua na amri, si kwa risasi za adui bali kwa kuanguka barabarani. Akakusanya kumbukumbu zao, akalinganisha waliovaa kofia ngumu na wasiovaa, na mwaka 1941 akachapisha matokeo. Mwezi Novemba mwaka ule ule Jeshi la Uingereza likaamuru kwamba kila askari wa pikipiki avae kofia ngumu. Cairns akaendelea kuhesabu, na hesabu zikaonyesha kwamba vifo vimepungua. Raia wa Uingereza walikuja kulazimishwa na sheria kuvaa kofia hizo mwaka 1973, yaani miaka 32 baadaye. Tazameni tofauti hiyo. Jeshini amri moja ilitosha. Uraiani ilichukua zaidi ya miaka 30 na maisha ya watu wengi. Kwa hiyo askari anaweza kuwa wa kwanza, naye raia akafuata.

Leo hii kofia hiyo ndiyo suala la bodaboda katika nchi zetu zote. Wengi wenu mnajua kwamba jina lenyewe lilizaliwa mpakani, kule Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baiskeli zimekuwa pikipiki, na pikipiki zimejaa mijini na vijijini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyofungwa kidevuni, si iliyotundikwa kwenye usukani ikingoja kumwona trafiki.

Tuvuke sasa mpaka mwingine, tuingie Kenya. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo, Waziri wa Uchukuzi akiwa John Michuki, ilitoa kanuni kali juu ya matatu, na zikaanza kusimamiwa mapema mwaka 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, mwisho wa kusimama na kujazana. Abiria walishangaa kuona nidhamu imerudi. Lakini kadiri siku zilivyopita, usimamizi ulilegea, vidhibiti vikachezewa, na mazoea ya zamani yakaanza kurudi. Kanuni ni kama lindo: halijilindi lenyewe, lahitaji wa kulikesha.

Watafiti wakauliza: je, yupo mtu aliyemo ndani ya matatu saa zote, ambaye ana sababu ya kuogopa mwendo wa kasi? Yupo, naye ni abiria. Ila abiria hunyamaza. Kila mmoja anangoja mwenzake aseme kwanza. Ndipo mwaka 2008 likafanywa jaribio la kubandika ndani ya matatu za safari ndefu vibandiko vyenye maneno ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekwenda ovyo. Magari yaliyobandikwa yalichaguliwa kwa kura, ili yaweze kulinganishwa kwa haki na yasiyobandikwa. Nao madereva waliotunza vibandiko waliingizwa katika bahati nasibu ya zawadi, ili wasivibandue. Katika magari yale, madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio likarudiwa kwa magari zaidi ya 12,000, kwa wito mmoja wa Kiswahili: Zusha! Matokeo ya jaribio hilo la pili, yaliyotangazwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba madai yalipungua kwa robo hadi theluthi. Karatasi yenye gundi, na ulimi wa abiria, vilifanya kazi ambayo mitambo ya gharama ilishindwa kuifanya peke yake.

Kwa askari, hili lina fundisho. Abiria aliyepaza sauti ni msaidizi wako. Akishuka kituoni akakuambia kwamba dereva huyu alikuwa akikimbizana, usimwambie kwamba hayo si yake. Chukua maelezo yake.

Nasi nyumbani hatuko mikono mitupu. Katika jiji la Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2012, shirika la Amend lilishughulikia barabara zinazopita jirani na shule za msingi: matuta, vivuko, njia za miguu, vizuizi, na mafunzo kwa wanafunzi. Kisha likapima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba majeraha ya barabarani kwa watoto wa shule zilizotengenezewa mazingira yalipungua kwa asilimia 26. Mwaka huo huo kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Tunajua kuokoa. Kinachotakiwa ni kuokoa kwa mpango, mahali panapoua zaidi, na kupima kama tumeokoa.

Ili kupajua mahali panapoua zaidi, ndugu askari, hatuna budi kurudi katika daftari lako. Hapa nataka niseme wazi. Ukichukua taarifa nyingi za ajali, sehemu ya chanzo utakuta maneno machache yale yale: mwendo kasi, uzembe wa dereva, uzembe wa mwenda kwa miguu. Huenda ni kweli. Lakini ukweli huo hautoshi kumsaidia mhandisi wala daktari wala mtunga sheria. Ukiandika uzembe, atafungwa mtu mmoja, na barabara itabaki kama ilivyo.

Andika saa. Andika kama kulikuwa na mwanga au giza, mvua au vumbi. Pima alama za breki, ueleze kama zipo au hazipo. Andika hali ya matairi, na kama lori lililoegeshwa bila taa lilikuwa limewekewa alama. Andika nani alifunga mkanda na nani hakufunga, nani alivaa kofia na nani hakuvaa. Andika mwenda kwa miguu alikuwa akitoka wapi kwenda wapi, na kivuko kilichokuwa karibu kilikuwa umbali wa hatua ngapi. Taja mahali kwa alama ya kilomita au kwa jina la daraja, si kwa kusema eneo la kijiji fulani. Taarifa 20 za namna hiyo kutoka katika kona moja zikiwekwa pamoja mezani, kona yenyewe itasema. Utafiti wa kitaifa huanzia katika kalamu ya konstebo aliyesimama juani au mvuani, hauanzii chuo kikuu.

Nanyi wakuu wa vikosi na vituo, yapo yaliyo katika uwezo wenu pasipo kungoja bajeti. Siku moja ya mafunzo ya huduma ya kwanza yaweza kupangwa pamoja na hospitali ya wilaya. Ziara ya askari mmoja kila wiki katika chumba cha majeruhi, akilinganisha daftari lake na la muuguzi, haigharimu kitu. Gari la jeshi au la polisi linalokwenda kwa mwendo uliowekwa, dereva wake akiwa amefunga mkanda, ni somo kwa kila raia analolipita. Na askari aliye juu ya pikipiki bila kofia, naye ni somo, ila ni somo baya, na raia huliiga upesi kuliko lile jema.

Ndugu wasikilizaji, askari huapa kulinda uhai na mali za wananchi. Adui anayeua maelfu kila mwaka katika nchi yetu na za jirani zetu hana sare wala bendera. Yuko katika mteremko usio na alama, katika tairi lililokwisha, katika kofia iliyotundikwa na katika ukurasa ulioandikwa nusu. Waganda wametuonyesha kwamba adui huyu huhesabika, na ya kwamba siku moja ya mafunzo humwezesha askari kumnyang'anya mateka. Usemi ule wa kwamba ajali haina kinga tuwaachie wafiwa wafarijiane nao. Sisi tulio kazini tuitafute kinga, tuiandike, na tuitumie.